UZI: Namba ya EF kutoka kamera ya nyuklia, tuiamini kwa kiasi gani? Kwa wagonjwa wa Mbeya, Iringa, Njombe na jirani

#1 Kiwira Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam,

Ndugu zetu wa Nyanda za Juu Kusini wanaopewa rufaa kwenda kupimwa moyo kwa kamera ya nyuklia wamekuwa wakinitumia majibu yao WhatsApp, na maswali yao juu ya EF (asilimia ya damu ambayo moyo unaisukuma nje kila pigo) yanafanana mno. "Eko ya huku ilisema 62, Dar wamesema 54, moyo umeshachoka?" "Mara ya kwanza 57, sasa 53, ina maana dawa hazifanyi kazi?" Mimi ni mtu wa Rungwe, kazi yangu iko kwenye chumba cha kamera hiyo, na inaniuma kuona familia inauza ng'ombe kwa sababu ya pointi 4 ambazo pengine hazikuwepo kabisa. Naandika kwa kirefu, mnivumilie.

Msimamo wangu nauweka mbele ili anayetaka kubisha abishe mapema. Kipimo hiki kikifanywa vizuri, ukikirudia kinakupa namba zinazokaribiana kuliko eko (ultrasound ya moyo) ya kawaida, na kwa mgonjwa anayefuatiliwa kila baada ya miezi michache hiyo ni faida kubwa. Lakini namba yenyewe inapatikana kwa maamuzi ya watu siku ile, na mengi ya maamuzi hayo hayaandikwi kwenye karatasi unayopewa. Bila kuyajua, namba moja peke yake haitoshi kukusimamishia dawa wala kukuanzishia.

Kwanza EF yenyewe. Chemba ya chini ya kushoto ya moyo ndiyo inayosukuma damu kwenda mwili mzima. Ikijaa mililita 120 na kusukuma 72, EF ni asilimia 60. Zile 48 zilizobaki ni za kawaida, hakuna moyo wa binadamu unaojikamua mpaka tone la mwisho. Watu wazima wenye moyo mzima wengi wako kati ya 50 na 70. Kuanzia 40 kushuka chini, moyo unasukuma kwa udhaifu na kuna dawa zake. Nimekutana na mzee aliyeona 60 akaacha kuhudumia parachichi zake, akiamini moyo umebaki zaidi kidogo ya nusu. Alikuwa mzima, na hakuna aliyekaa naye dakika mbili kumweleza.

Sasa kamera. Unachomwa kwanza dawa yenye bati, unasubiri kama dakika 20, kisha unachomwa teknesiamu-99m, ambayo kwa sababu ya ile bati inanasa ndani ya chembe nyekundu za damu. Damu yako inaanza kutoa miale ya gama, na kamera iliyo juu ya kifua inaihesabu. Kamera haitoi mionzi, inapokea tu. Waya za ECG (zinazosoma umeme wa moyo) kifuani zinaiambia kompyuta kila pigo limeanza lini. Kompyuta inakigawa kila kipindi cha pigo vipande 16, 24 au 32, halafu inajumlisha kipande na kipande chenzake kwa mapigo mamia. Moyo mmoja unaouona ukidunda kwenye skrini ni mapigo mamia yaliyolazwa moja juu ya jingine. Msingi wa njia hii uliwekwa Marekani na Zaret, Strauss na wenzao mwaka 1971, na hospitali nyingi zinaiita MUGA.

Uzuri wake ni huu. Eko ya kawaida inapima umbo la chemba kwenye picha bapa, kisha inakadiria ujazo kwa kudhani chemba ina umbo fulani la kawaida. Kamera haijali umbo. Miale mingi ni damu nyingi, miale michache ni damu kidogo. Moyo uliopinda kwa sababu ya shambulio la zamani, ambao eko hupata tabu kuukadiria, kwa kamera ni damu ya kuhesabiwa tu.

Ila damu ipi? Kifua kizima kina damu: mapafu, ukuta wa kifua, mishipa mikubwa. Miale yake inaingia kwenye hesabu ya chemba na lazima itolewe. Ni sawa na kupima maziwa yakiwa ndani ya ndoo, ukikosea uzito wa ndoo umekosea maziwa. Hapa ndipo ninapotaka mkae nami, kwa sababu ndipo namba nyingi zinapoharibika.

Chukua mfano. Chemba ikiwa imejaa, kamera imehesabu miale 10,000. Ikiwa imejikamua, 7,000. Tofauti ni 3,000. Mtaalamu anachora eneo dogo pembeni ya moyo ili kukadiria miale ya pembeni, anapata 4,000. Damu halisi ya chemba iliyojaa ni 10,000 kutoa 4,000, yaani 6,000. EF ni 3,000 kwa 6,000, asilimia 50.

Mwenzake anachora eneo lile lile lakini mkono unateleza kuelekea kwenye bandama, ambayo imejaa damu, anapata 5,000. Sasa ni 3,000 kwa 5,000, asilimia 60. Wa tatu analiweka mbali sana, sehemu isiyo na damu nyingi, anapata 3,000. EF inakuwa 43. Mgonjwa ni yule yule, picha ni ile ile, mgonjwa hata kitandani hajashuka. Mmoja kamwambia mzima, mmoja kamwambia yuko mpakani, mmoja kamwambia moyo umeshuka.

Programu za sasa zinachora zenyewe, na hiyo inasaidia watu tofauti kupata namba zinazokaribiana. Lakini nazo huchora juu ya bandama, na mtu asipoangalia mstari umepita wapi, kosa linatoka limechapishwa vizuri lenye nembo ya hospitali. Ndiyo maana nasema mgonjwa anayefuatiliwa, picha zake za zamani zifunguliwe pembeni ya mpya na mistari ichorwe kwa namna moja.

Jambo la pili ni idadi ya miale. Mionzi hutoka kwa kubahatisha, kwa hiyo hesabu yoyote ina mtikisiko wake wa asili. Katika mfano wangu wa 10,000, mtikisiko huo peke yake unaweza kuisogeza EF kama pointi moja na nusu hadi mbili, juu au chini. Ukipunguza miale mpaka robo, kwa sababu mgonjwa amechoka kulala au dawa imezeeka, mtikisiko unakuwa maradufu. Hapo hakuna aliyekosea kuchora.

Na kuzeeka kwa dawa kunatuhusu sana sisi wa mbali. Teknesiamu-99m inapungua nusu kila baada ya saa 6. Ukiitayarisha Dar asubuhi ukaipakia kwenye basi, ikipanda Kitonga, ikapita Mafinga na Makambako, ikifika Mbeya baada ya saa 12 imebaki robo. Inabidi hospitali iwe na jenereta yake ya molibdenamu (si ya umeme, ni chombo ambacho molibdenamu iliyomo inageuka kuwa teknesiamu), na molibdenamu nayo inapungua nusu kila saa 66, kwa hiyo baada ya wiki imebaki chini ya moja ya tano. Jenereta zinatoka nje kwa ndege na vinu vinavyotengeneza molibdenamu duniani ni vichache. Mwaka 2009 na 2010 kinu cha Kanada na cha Uholanzi viliposimama, dunia nzima iliyumba. Kwa Tanzania huduma ya tiba ya nyuklia iko sehemu chache, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando kule Mwanza. Mgonjwa wa Kyela anayefika siku ambayo jenereta inakaribia kuisha anapimwa na dawa dhaifu, na akiuliza tu siku ya kupokea jenereta kabla ya kusafiri anaweza kuliepuka hilo.

Jambo la tatu ni kunasa kwa dawa. Teknesiamu isiponasa vizuri kwenye chembe nyekundu inaelea, inakwenda kwenye tezi ya shingo na mfuko wa chakula. Mfuko wa chakula uko jirani na moyo, miale yake inaingilia picha. Hepalini inajulikana kuharibu kunasa, kwa hiyo dawa isipitishwe kwenye mrija uliosafishwa kwa hepalini. Wagonjwa wa kemo wenye mrija kifuani, msikae kimya kuhusu hili, mwambieni anayewachoma.

Yapo mengine, tutayagusa maswali yakija. Karibuni.

#2 Mama wa Uyole

Kaka Kiwira Juu, Mungu akubariki, umeandika kama uliyekuwa nyumbani kwetu. Mdogo wangu ana saratani ya titi, anapewa ile dawa nyekundu. Kabla ya kuanza alipimwa kwa nyuklia Dar, EF 63. Juzi kafanyiwa eko hapa Mbeya, imesema 55. Amekataa mzunguko unaofuata, anasema hataki kufa kwa moyo wakati anatibiwa titi. Mama analia, shemeji haongei. Tumwambie nini?

#3 Kiwira Juu

Dada, poleni sana. Nimesoma ujumbe wako zaidi ya mara moja.

Dawa nyekundu ni doksorubisini, na hofu ya mdogo wako ina msingi, inaweza kudhoofisha moyo kadiri jumla ya dozi inavyopanda. Ndiyo maana anapimwa. Kipimo cha nyuklia kilipata heshima yake kubwa kwenye kazi hii hii, kuwafuatilia wanaopewa dawa hiyo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970.

Lakini 63 na 55 hazitoki kwenye mizani moja. Moja ni miale, nyingine ni umbo. Mwaka 2013 watafiti wa Cleveland, Marekani, walichapisha kazi kuhusu wagonjwa wa kemo ambao mioyo yao haikuonyesha kubadilika, wakaona eko ya picha bapa ikirudiwa inaweza kutofautiana karibu pointi 10 bila moyo kubadilika, na eko ya pande tatu kama pointi 6. Nyuklia iliyofanywa vizuri nayo husogea hadi kama pointi 5. Sasa pointi 8 kati ya njia mbili tofauti hazitoshi kusema moyo umeshuka. Hazitoshi pia kusema haujashuka.

Kigezo ambacho madaktari wengi hutumia ni kushuka kwa pointi 10 au zaidi mpaka chini ya 50, na hata hapo kipimo kinarudiwa kabla ya uamuzi. 55 haijafika huko.

Mwambie mdogo wako kwamba kuna hatari mbili na zote ni za kweli. Moyo ukishuka kweli na dawa ikaendelea, anaumia. Dawa ikisimama kwa sababu ya namba iliyoyumba, saratani inapata nafasi. Asiamue peke yake nyumbani. Arudi kwa daktari wake wa saratani, aombe mojawapo ya mambo mawili: kipimo kirudiwe kwa njia ile ile ya kwanza, au kama Dar haiwezekani, eko ya leo iwe msingi mpya na zinazofuata zifanywe hapo hapo, mashine ile ile, ikiwezekana na mpimaji yule yule. Na aseme dalili zake: anapumua vipi akilala chali, miguu inavimba, anapanda ngazi vipi. Dalili zina uzito kuliko pointi 8.

#4 Kalenga Yetu

Kamwene wakuu. Niko Iringa. Baba yangu ana miaka 66, vali ya mitrali (mlango wa damu kati ya chemba ya juu na ya chini za kushoto) ilibana tangu ujana, mapigo yake hayana mpangilio. Nyuklia imesema EF 38. Eko ya hospitali nyingine ikasema 50. Daktari mmoja anataka kumwanzishia dawa za moyo dhaifu, mwingine anasema vali kwanza. Sisi tunamfuata nani?

#5 Kiwira Juu

Kamwene ndugu yangu. Kwa mzee wako nina mashaka makubwa na ile 38, na nitaeleza kwa nini.

Kumbuka kompyuta inalaza mapigo mamia moja juu ya jingine. Hilo linakubali kama mapigo yanalingana urefu. Pigo moja likiwa refu na linalofuata fupi, kipande cha 8 cha hili ni moyo uliojikamua, na kipande cha 8 cha lile ni moyo unaojaa. Ukivijumlisha, ile hali ya kujikamua kabisa inapotea kwenye ukungu, na EF kwa kawaida inatoka chini ya ukweli. Mtaalamu anaweza kuiambia kompyuta ikatae mapigo yaliyo nje ya urefu fulani, lakini kwa mtu kama baba inaweza kukataa mengi mpaka kipimo kirefuke na miale ipungue. Kwenye majibu kamili kuna mchoro wa miale kwa kila kipande. Mstari ukianguka ghafla kwenye vipande vya mwisho, ujue mapigo hayakulingana.

Tatizo la pili ni hiyo vali iliyobana. Inaifanya chemba ya juu ya kushoto kutanuka, wakati mwingine sana. Kamera inatazama kutoka mbele ikiwa imeinama kushoto, karibu nyuzi 45, kutafuta pembe inayotenganisha chemba mbili za chini. Chemba ya juu ikiwa kubwa inaingia nyuma ya ile ya chini. Na yenyewe inajaa wakati ya chini inajikamua. Kamera inaona damu haijapungua sana, EF inashuka kwenye karatasi wakati kwenye kifua haijashuka.

Kwa hiyo sababu zote mbili zinavuta chini. Siwezi kusema ni 50, sijaona picha. Ila nisingemtibu mtu kwa 38 hiyo kabla ya kujua mapigo yake yalikuwaje wakati wa kipimo.

#6 Tabibu wa Mafinga

Nimesoma uzi wote. Kazi nzuri, Kiwira Juu. Niruhusu nipinge kitu kimoja, kwa heshima.

Kwa mgonjwa wa #4 hoja ya kwanza isiwe EF, iwe vali, na vali kamera ya nyuklia haizioni. Eko inaziona, inaona maji kuzunguka moyo, inaona shinikizo, inaona damu inayorudi nyuma. Huku kwetu wagonjwa wengi wa moyo ni presha, vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi tangu utotoni, na akina mama ambao moyo umechoka baada ya kujifungua. Karibu wote hao eko inayofanywa na mtu makini, hapa hapa karibu na nyumbani, inawatosha. Nina wasiwasi uzi huu utawafanya watu waone eko ni kipimo cha maskini na nyuklia ndiyo mahakama ya rufaa.

La pili, EF yenyewe tunaiabudu mno. Vali ya mitrali ikivuja sana, damu inarudi juu kirahisi na EF inaonekana nzuri wakati misuli inachoka. Kwa mgonjwa wa namna hiyo EF ikishuka hadi 60 tunaanza kuzungumza upasuaji, 60 ile ile ambayo kwa jirani yake ni afya tele. Na wapo wenye moyo kushindwa kabisa kufanya kazi kwa sababu haujai vizuri, EF yao 60, miguu imevimba, hawalali. Hao hakuna kamera itakayowatetea wakitazamwa kwa namba hiyo tu.

Ndugu wa Iringa, kwa baba ombeni eko irudiwe, mpimaji achukue wastani wa mapigo kadhaa, angalau 5, si pigo moja. Na madaktari hao wawili wazungumze kwa simu. Mgonjwa asifanywe mpira.

#7 Kiwira Juu

Daktari, kuhusu vali nakubali bila kusita, na hilo la moyo usiojaa nilipaswa kukuachia wewe kwa sababu umelisema vizuri. Wagonjwa wengi hawahitaji kuja kwetu.

Ninapobaki na msimamo wangu ni kwa mgonjwa wa kemo, na kwa yule mwenye kifua ambacho eko haioni vizuri: mapafu yaliyotanuka, unene mwingi, titi lililofanyiwa upasuaji na mionzi upande wa kushoto. Kwa hao daktari anatafuta mabadiliko madogo kwa muda mrefu, na anahitaji njia isiyoyumba sana kutoka kipimo hadi kipimo. Eko ya pande tatu inakaribia sana, ila mashine yenye uwezo huo na mtu aliyefundishwa kuitumia hawapatikani kila wilaya.

Niongeze hili: kutoyumba si sawa na kuwa sahihi. Kamera inaweza kumpa mtu 54, 55, 54, na ukweli ukawa 59 kwa sababu mistari imechorwa kwa namna ile ile yenye kasoro kila mara. Kwa kufuatilia mabadiliko hilo si janga. Kwa kuamua leo mgonjwa yuko upande gani wa 40 au 50, ni janga.

#8 Mbalizi Road

Wakuu, hakuna anayetaja hili. Mnawachoma watu mionzi mwilini, halafu mnashangaa saratani zinaongezeka? Mama yangu alikataa na nilimuunga mkono.

#9 Kiwira Juu

Mkuu, swali lako ni halali na mama ana haki ya kukataa, lakini akatae akijua kiasi. Kipimo hiki kwa kawaida kinampa mtu kama milisivati 5 hadi 8. Binadamu wa kawaida duniani anapata wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, bila kwenda hospitali yoyote. Kwa hiyo ni sawa na miaka miwili hadi mitatu na kidogo ya kuishi tu. Si sifuri. Hakifanywi kwa kujifurahisha, hakifanywi kwa mjamzito isipokuwa kwa sababu nzito sana, na mama anayenyonyesha lazima aseme kabla ya sindano. Matumizi ya mionzi nchini yanasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, makao yake Arusha. Kama eko inajibu swali la daktari, usichomwe. Kama haijibu, pima hatari ya milisivati hizo na hatari ya kutibiwa gizani.

#10 Binti Tukuyu

Ndaga fijo kaka kwa elimu. Mimi nilifanyiwa ile nyingine ya nyuklia, unakimbizwa kwanza halafu kamera inakuzunguka. Imeandikwa EF 81. Nimefurahi, lakini baada ya kusoma hapa nimeanza kujiuliza. Nina umbo dogo, kilo 47.

#11 Kiwira Juu

Ndaga. Hiyo ni SPECT, kipimo tofauti. Kule dawa inaingia kwenye misuli ya moyo yenyewe, kompyuta inatafuta kuta za chemba na kukadiria nafasi iliyo katikati. Lengo kuu ni kuona kama misuli inapata damu ya kutosha, EF inakuja kama nyongeza.

Kwa mwanamke mwenye moyo mdogo ni jambo linalojulikana. Moyo ukijikamua, kuta zinakaribiana kuliko uwezo wa kamera kuzitenganisha, kompyuta inaona nafasi imekwisha kabisa, na EF inapanda mpaka 80 na kitu. Moyo wako hauna nguvu za ziada kwa sababu ya namba hiyo. Soma 81 hiyo kama "inasukuma vizuri", basi. Ila usije ukailinganisha na eko ya 62 mwakani ukasema umepoteza pointi 19.

Kwa wengine wenye SPECT: pigo likikatwa vipande 8 badala ya 16, EF inatoka chini kwa karibu pointi 4. Programu nazo zinatofautiana, ile ya Cedars-Sinai na ile ya Emory hazitoi namba moja kwa moyo mmoja. Na picha iliyopigwa baada ya kukimbia inaweza kuonyesha EF ya chini kuliko ya mapumziko, kwa mtu mwenye mishipa iliyoziba, kwa sababu misuli bado imepigwa na butwaa. Hiyo ya mwisho si kosa la kipimo, ni habari muhimu, daktari aisome.

#12 Mama wa Uyole

Nimerudi. Tumekwenda na mdogo wangu kwa daktari wa saratani, nimemsomea #3 kwenye simu. Amesema 55 haimzuii kuendelea, ila atarudia kipimo kabla ya mzunguko unaofuata, na ameandika rufaa ya Dar kwa njia ya kwanza. Mdogo wangu amekubali. Sasa nisaidie, tukifika tuulize nini, na turudi na nini? Nauli ya watu wawili si mchezo, sitaki tukose kitu.

#13 Kiwira Juu

Dada, nimefurahi sana.

Kabla ya kupanda basi pigeni simu muulize jenereta inapokelewa siku gani na kama kipimo kinafanyika wiki hiyo. Mbebe majibu ya kwanza, na kama mlipewa CD, hiyo ndiyo muhimu kuliko karatasi. Kama hamkupewa, mwombe picha za kwanza zifunguliwe kwenye kumbukumbu zao zilinganishwe na mpya.

Siku ya kipimo mdogo wako aseme kama ana homa, kama ameongezewa damu karibuni, dawa zote anazotumia, na kama ana mrija. Homa na upungufu wa damu vinaubadilisha moyo wenyewe, utapiga kwa kasi na EF inaweza kupanda kwa sababu isiyo ya kudumu. Alale bila kujisogeza. Wakimaliza, ombeni kwa upole majibu yaandike kifaa na programu iliyotumika, mapigo ya moyo kwa dakika, kama mapigo yalikuwa na mpangilio, na EF ya mara ya kwanza iliyopimwa upya kwa mistari ya leo. Hilo la mwisho si kila mahali watalifanya, lakini kuomba ni haki yenu. Na mrudi na CD.

#14 Mama wa Uyole

Ndaga fijo kaka. La mwisho kabisa: ana mtoto wa miaka miwili, ataweza kumbeba akirudi? Na kupanda basi na watu siku hiyo hiyo?

#15 Kiwira Juu

Siku ya kipimo anywe maji mengi na aende haja ndogo mara kwa mara, mionzi mingine inatoka kwa njia hiyo. Basi anaweza kupanda, abiria wa jirani hapati kiasi cha kumdhuru. Mtoto asimpakate kwa muda mrefu siku ile, kumsalimia na kumlisha hakuna shida. Baada ya saa 24 teknesiamu iliyobaki ni chini ya moja ya kumi na sita, hapo ambebe anavyotaka.

Ombeni pia barua fupi inayosema amechomwa teknesiamu tarehe fulani. Shemeji kama anafanya biashara Tunduma na wanapanga kuvuka naye wiki hiyo, vigunduzi vya mionzi mpakani vinaweza kulia, na barua itawaokolea maelezo mengi.